Wakanda iko wapi? Ramani ya nchi ya kubuni na chuma cha Kagera

Vijana wawili wa hapa Rugu walipiga simu studio wakibishana. Mmoja alisema ameona kwenye simu ramani inayoonyesha Wakanda iko huku kwetu. Mwenzake akasema ni uongo mtupu. Niliahidi kulieleza kwa maandishi.

Wakanda ni nchi ya kubuni. Stan Lee na Jack Kirby waliileta mwaka 1966, katika toleo la 52 la kitabu cha katuni cha Fantastic Four, pamoja na mfalme wake T'Challa, yule Black Panther. Filamu ya mwaka 2018, ambayo Mkenya Lupita Nyong'o ameigiza, ndiyo iliyofanya wengi wetu tuifahamu.

Shida ni kwamba hadithi hii imeandikwa na watu wengi kwa zaidi ya miaka 50, na anayeanza leo anapotea. Ndiyo maana kuna vitabu vya kumwongoza msomaji. Kimojawapo ni Wakanda Atlas cha Evan Narcisse, kilichotoka mwaka 2022, kinachoieleza nchi hiyo kwa ramani. Mimi ningeanza na hicho, halafu ndiyo niingie kwenye mapigano.

Lakini nchi ya kubuni haina mipaka ya kudumu. Wachoraji wengine wameiweka Ziwa Turkana, wengine karibu na Ziwa Victoria. Kwa hiyo kijana wa kwanza hakuota.

Utajiri wa Wakanda ni vibranium, madini yaliyoanguka na kimondo. Hayo hayapo popote. Chuma cha Kagera kipo. Kijijini Katuruka, upande wa Bukoba, wazee walimwonyesha mtafiti Peter Schmidt mti wa Kaiija, jina linalohusu ufuaji wa chuma. Uchimbaji ulionyesha kwamba chuma kiliyeyushwa eneo hilo yapata miaka 2,000 iliyopita.

Baadaye wazee wa Kihaya walijenga tanuri upya. Mirija ya udongo iliingizwa ndani kabisa ya tanuri, hivyo upepo wa mivukuto ulipata moto kabla ya kufika kwenye makaa. Schmidt na mwenzake Donald Avery waliandika mwaka 1978 kwamba joto lilipita nyuzi 1,800. Wapo wataalamu waliopinga maelezo yao kuhusu upepo huo, na mabishano hayo ni ya kweli kuliko ya Wakanda.

Nasi Karagwe tulikuwa na ng'ombe wa chuma katika hazina ya Mfalme Rumanyika, aliyempokea Speke mwaka 1861.

Wale waliojenga lile tanuri walikuwa wazee tayari miaka ya 1970. Kama kwenu yupo babu au bibi aliyesimuliwa habari za wafua chuma, tupigie. Tutakuja na kinasa sauti.