Apu Inazunguka Tu: Je, Pesa Imetoka au Haijatoka?

Ni tarehe tano, kodi inadaiwa. Umeandika 8,500, umeweka PIN, umebonyeza Tuma. Kale kaduara kanazunguka weee, halafu unaambiwa: "Hatujapata jibu." SMS hakuna. Unarudi mwanzo, unatuma tena. Dakika mbili baadaye zinaingia SMS mbili kwa mpigo, na mwenye nyumba amepokea 17,000.

Simu za aina hii tunazipokea sana mwanzo wa mwezi, kwa hivyo leo tueleze kinachoendelea huko nyuma.

Kwanza, pesa zako haziko ndani ya simu. Apu ni dirisha tu. Salio limeandikwa kwenye seva yetu, ndiyo maana hata simu ikitumbukia kwenye karai la maji, pesa ziko pale pale. Kila ukibonyeza kitu, apu inatuma ombi kwa seva kupitia intaneti, kisha inangoja jibu.

Na seva si mashine moja inayofanya yote. Kuna sehemu ya mlangoni inayohakikisha ni apu yetu kweli inayobisha. Kuna inayokagua PIN. Kuna leja, inayokukata wewe na kumwongezea mpokeaji. Halafu kuna inayotuma SMS. Leja ikishaandika, pesa imeenda, hata kama SMS imekwama njiani.

Sasa shida iko hapa. Mtandao unaweza kukatika ombi likiwa linaenda, na hapo hakuna kilichofanyika. Unaweza pia kukatika jibu likiwa linarudi, na hapo malipo yamekamilika ila simu yako haijaambiwa. Kwa apu, hali hizi mbili zinafanana kabisa: kimya. Ndiyo maana hatuandiki "imeshindikana" wakati hatujui. Tunakubali, maneno "hatujapata jibu" hayampi raha mtu aliye na haraka, lakini ndio ukweli.

Kuna kinga. Kabla ombi halijatoka, apu hulipa nambari yake ya kipekee. Ukibonyeza "Jaribu tena" kwenye ukurasa ule ule, nambari haibadiliki. Seva ikiiona mara ya pili, inakurudishia jibu la kwanza bila kukukata tena. Lakini ukifunga apu na kuanza upya, hiyo ni nambari mpya, na kwa seva ni malipo mapya. Haiwezi kubahatisha kwamba ulikuwa unarudia kwa wasiwasi. Wako wateja wanaomtumia mtu mmoja kiasi kile kile mara mbili kwa siku, na wanamaanisha.

Kwa hivyo ukipata kimya, usianze upya. Angalia taarifa ya miamala. Bando likiwa ndilo tatizo, tumia USSD kuangalia salio: haihitaji intaneti, inapita kwenye mtandao wa kawaida wa simu, lakini inasoma leja ile ile.

Umbali nao huchangia. Seva za M-Pesa, iliyoanza 2007, zilikuwa Ujerumani hadi zilipohamishiwa Kenya mwaka wa 2015. Ombi la kulipa sukuma hapa Nairobi lilikuwa linavuka bahari na kurudi!

Na kama apu inakataa kuunganisha kabisa ilhali intaneti iko, angalia tarehe ya simu. Kabla ya kutuma chochote, apu hukagua cheti cha seva kuhakikisha haizungumzi na mlaghai. Cheti kina tarehe ya kuanza na ya kuisha. Simu iliyozimika betri ikarudi mwaka wa 2010 itaona cheti hakijaanza kutumika, na itagoma. Weka tarehe ijirekebishe yenyewe.

Na kama tayari umetuma mara mbili? Pigia huduma kwa wateja saa hiyo hiyo ukiwa na SMS zote mbili. Pesa zikiwa bado kwenye akaunti ya mpokeaji, tunaweza kuzizuia tukiulizia. Akishazitoa kwa wakala, itabidi mwelewane wenyewe.