Kuunganisha Picha za Mlima

Panorama ni picha pana inayoonyesha sehemu kubwa ya upeo wa macho kwa mara moja, na siku hizi mpiga picha wa ridhaa huitengeneza kwa kupiga picha kadhaa zinazofuatana, kisha kuziunganisha kwa programu ya kompyuta kama Hugin, ambayo hupatikana bila malipo. Anayetaka kuionyesha Kilimanjaro kuanzia Kibo (mita 5,895) hadi Mawenzi (mita 5,149) hushawishika kutumia lenzi pana inayozoa mandhari yote kwa mkupuo, lakini lenzi hiyo huvifanya vilele vionekane kama vichuguu. Lenzi ya milimita 50, kamera ikisimamishwa wima na kihisio chake kikiwa cha milimita 24 kwa 36, huona upana wa nyuzi 27 hivi. Na kwa kuwa kila picha hupaswa kuingiliana na inayofuata kwa theluthi moja ili programu ipate alama za kulinganisha, nusu duara huhitaji picha 10.

Mwanga ndio unaoharibu kazi nyingi. Kamera ikiachiwa ijipimie, huipa theluji kipimo kimoja na msitu kingine, na anga hutoka na mabaka pale picha zinapoungana; kwa hiyo kipimo huchukuliwa kwenye sehemu yenye mwanga mkali zaidi, kisha hufungwa pamoja na fokasi na rangi mpaka picha ya mwisho.

Jambo jingine ni paralaksi, yaani kuhama kwa kitu cha karibu mbele ya kilicho mbali pale jicho linapobadili mahali. Kilele kilicho umbali wa kilomita nyingi hakionyeshi kasoro hiyo, lakini mwamba au mti ulio hatua chache mbele huvunjika vipande viwili, isipokuwa kamera ikizungushwa kwenye stendi ya miguu mitatu, tena kwa mhimili unaopita kwenye lenzi pale mwanga unapoingilia, wala si kwa kiwiliwili cha mpigaji.

Mwitaliano Vittorio Sella, bingwa wa panorama za milima aliyefika Rwenzori mwaka 1906 na msafara wa Duki wa Abruzzi, alifanya kazi hii bila kompyuta, katika milima ambayo mawingu huifunika siku nyingi. Kilimanjaro nayo mara nyingi hujifunika kabla ya adhuhuri, hivyo stendi husawazishwa kukiwa bado giza, na mfululizo mzima hupigwa upesi, kwa kuwa wingu likisogea kati ya picha mbili, hakuna programu itakayoliunganisha vizuri.