Vuli ya Kilimanjaro kwa watu wa pwani

Vijana wanne wa hapa Mkokotoni wameniuliza swali ambalo nimeona lafaa kujibiwa mbele ya watu wote, maana najua si wao peke yao wanaolifikiria. Wamekuwa wakiweka fedha kidogo kidogo tangu mwaka jana, na wanataka kupanda Mlima Kilimanjaro mwezi wa Disemba. Wanachouliza ni hiki: baridi ya huko juu ni kama ile tunayoipata baharini usiku wa kipupwe, kusi inapovuma?

Nimelipenda swali lao kwa sababu wameanza na kitu wanachokijua. Mvuvi aliyetoka Tumbatu usiku wa Julai, akalowa kwa mawimbi, hutetemeka mpaka meno yakagongana. Lakini hewa ya usiku huo ni digrii 20 na kitu, joto ambalo mtu mkavu analala nalo kwa shuka moja. Kinachomtetemesha mvuvi ni nguo iliyoroa pamoja na upepo. Maji yanapokauka mwilini huondoka na joto la mwili, na upepo huyaharakisha. Basi mkiniuliza mimi, mtu wa Mkokotoni tayari anajua nusu ya somo la mlimani. Nusu ya pili ni urefu.

Hewa hupoa kwa karibu digrii 6 kila unapopanda mita 1,000. Kilele cha Uhuru kiko mita 5,895 juu ya bahari. Fanyeni hesabu wenyewe: ukitoka kwetu na digrii 30 za mchana, kileleni umeshapita sifuri na kwenda chini yake. Na watu hawafiki kileleni mchana, hufika alfajiri, wakati baridi inaweza kufika digrii 10 chini ya sifuri au hata kuzidi, bila kuuhesabu upepo.

Wageni kutoka Ulaya huiita Disemba mwanzo wa majira ya baridi. Kilimanjaro haina majira hayo, kwani iko nyuzi tatu tu kusini ya Ikweta. Ina vuli, hiyo hiyo mvua yetu ya Novemba na Disemba. Huku kwetu vuli hulowesha mihogo. Kule hulowesha msitu, na juu zaidi hugeuka theluji. Ndiyo maana wapandaji wengi huchagua Januari na Februari, au miezi ya kiangazi ya katikati ya mwaka. Sisemi Disemba haipandiki. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Disemba 1961, Tanganyika ilipopata uhuru, Luteni Alexander Nyirenda aliwasha Mwenge na kupandisha bendera kwenye kilele hicho hicho. Ila anayekwenda wakati huo ajue kuwa adui wake wa kwanza ni mvua.

Na mvua hiyo ina ujanja wake. Siku ya kwanza, kutoka lango la Marangu mpaka Mandara, njia iko msituni, na hakuna baridi ya kutisha. Mtu akinyeshewa anacheka tu, anaona ni kama mvua ya shambani. Nguo zake zote mgongoni zinalowa. Siku ya pili yuko Horombo, mita 3,720, na nguo bado mbichi, kwani kule hazikauki. Siku ya tatu yuko Kibo, karibu mita 4,700, anatafuta soksi kavu na hana. Mvua ya siku ya kwanza ndiyo inayomgandisha mtu usiku wa kileleni.

Kwa hiyo wekeni seti moja ya nguo, yaani suruali, sweta, soksi na glavu, ambayo haiguswi mpaka usiku huo. Itieni kwenye mfuko wa turubai usiopitisha maji. Msifunge kwa mifuko ya plastiki ya kubebea. Hiyo imepigwa marufuku Tanzania Bara tangu Juni 2019, na huku kwetu Zanzibar hata kabla ya hapo.

Sasa nguo zenyewe. Hapa nina ugomvi na pamba. Pamba ni nguo ya watu wa pwani, inanyonya jasho na kukuburudisha, na ndiyo sababu haifai mlimani. Fulana ya pamba na suruali ya jinzi zikilowa hubaki zimelowa, na zimekukumbatia. Sufu hukupa joto hata ikiwa na unyevu. Poliesta hukauka upesi. Na hizo hazihitaji duka la kitalii. Nendeni Darajani kwenye mitumba. Makoti mazito ya Ulaya na masweta ya sufu yamo humo, na huku kwetu nani ana haja nayo? Mkiwa na shaka na nguo, ichovyeni kwenye maji, ikamueni, itundikeni kivulini pamoja na fulana ya pamba, mkaone ipi itakauka mwanzo. Chukueni nguo tatu nyepesi za kuvaliwa moja juu ya moja badala ya koti moja zito, mpate kuvua kabla ya kutoka jasho. Jasho nalo ni maji.

Viatu vivaliwe wiki kadhaa kabla ya safari. Kiatu kipya mlimani ni malengelenge. Kwa mazoezi, Unguja hatuna mlima. Kilima cha Masingini hakifiki hata mita 150. Lakini majumba ya Michenzani yana ngazi, na ngazi hazina kiingilio. Pandeni na kushuka na mzigo mgongoni, maana kushuka ndiko kunakoua magoti.

Miguu hiyo hata hivyo haitakukinga na jambo moja. Kileleni, kila pumzi inakuletea karibu nusu ya oksijeni unayoipata hapa sokoni Mkokotoni. Mwili hujizoesha, lakini kwa siku, si kwa saa. Kijana mwenye nguvu huugua sawa na mzee, na mara nyingine zaidi, kwa kuwa anakimbia. Njia ya Marangu huuzwa kwa siku tano. Nawashauri mlipie ya sita, mkalale Horombo siku mbili. Ni fedha, najua, japo Mtanzania hutozwa ada ndogo kuliko mgeni. Kama fedha haitoshi kwa siku ya sita, mimi ningengoja mwaka mwingine.

Na hapa ndipo ninapowaogopea hasa, kwa sababu ya tabia yetu. Mtu wa pwani huona haya kuwasumbua wenzake. Kichwa kinamgonga, anasema si kitu. Kichwa kuuma kidogo ni kawaida, na dawa yake ni kutopanda zaidi mpaka kitulie. Lakini mtu akitapika bila kukoma, akipepesuka kama mlevi, akikohoa na kukosa pumzi hata akiwa amekaa, huyo anashushwa saa hiyo hiyo, usiku au mchana, wala hasubiri asubuhi. Baridi nayo ina dalili zake: mtu hutetemeka, kisha vidole vinashindwa kufunga kifungo, kisha maneno yanakuwa mazito mdomoni. Akiacha kutetemeka ilhali bado amelowa, msifurahi; hapo mwili umeshindwa. Mvueni nguo mbichi, mvisheni kavu, mfunikeni, mpeni chai ya moto yenye sukari kama anaweza kumeza, na mteremke naye. Kubalianeni mkiwa bado Mkokotoni kwamba mmoja akiambiwa ashuke hatabishana.

Wako watakaowaambia kuwa theluji si ya watu wa pwani. Mmishonari Johannes Rebmann alipouona weupe wa Kibo mwezi wa Mei 1848, Bwana Kheri aliyemwongoza kutoka pwani aliuita kwa neno moja tu: baridi. Na mwaka 1889, Hans Meyer alipokuwa wa kwanza kuandikwa kuwa amefika kileleni, aliyekaa naye kwenye kambi ya juu, zaidi ya mita 4,000, alikuwa Mwini Amani wa Pangani. Mtu wa pwani kama ninyi, na hakuwa na koti la Darajani.

Yaliyobaki ni madogo. Usiku wa kileleni mtaondoka saa tano au saa sita, wakati changarawe imeganda na haitelezi. Chupa ya maji iwekeni ndani ya koti, la sivyo itaganda. Betri za tochi laleni nazo, kwani baridi huzinyonya nguvu. Mfuko wa kulalia msinunue. Moshi mjini hukodishwa. Ufungueni wote, vuteni zipu mpaka mwisho, na uingieni mmoja wenu pale pale dukani kabla hamjatoa fedha.