Uzima wa Mtu ni Mwanzo wa Amani

Leo tutazungumza juu ya uzima wa mtu. Wengine watauliza: sisi tuliokimbia vita, tunaolala chini ya hema, tuna uzima gani? Swali hilo ni la haki, na tutalijibu.

Kwanza, uzima ni kitu gani? Katiba ya Shirika la Afya Ulimwenguni ya mwaka 1946 inafundisha kwamba afya si kukosa ugonjwa tu. Inafaa mtu awe mzima katika mwili, katika akili, na katika maisha yake pamoja na wengine. Basi mtu anaweza kukosa homa na kidonda, na bado asiwe mzima. Baba aliyeacha shamba lake Masisi, ambaye anakaa toka asubuhi mpaka jioni bila neno, na usiku hapati usingizi: huyo si mvivu, wala hakurogwa. Ameumia mahali pasipoonekana.

Pili, tujue sheria. Kifungu cha 47 cha Katiba ya inchi yetu ya tarehe 18 Februari 2006 kinahakikisha haki ya afya na ya usalama wa chakula. Umoja wa Mataifa nao ulitoa mwaka 1998 Kanuni za Kuongoza juu ya watu waliohamishwa ndani ya inchi yao. Kanuni ya 18 na ya 19 zinataja chakula, maji safi, makao, mavazi, matibabu, na hata msaada kwa walioumia rohoni. Kwa hiyo mama anayedai maji safi haombi sadaka, anadai haki yake. Lakini tusidanganyane: haki iliyoandikwa haichoti maji. Serikali ina kazi yake, na sisi tuna yetu.

Tatu, tulinde mwili. Wenye umri wanakumbuka Goma, Julai 1994. Wakimbizi toka Rwanda walifika wengi sana kwa siku chache. Udongo ni mawe ya volkano, vyoo havikuchimbika vizuri, watu wakanywa maji ya ziwa. Kipindupindu kikaua maelfu kwa maelfu. Waliponyoka vita, wakafa kwa maji. Basi nawa mikono kwa sabuni, au kwa majivu kama sabuni hakuna, kila utokapo chooni na kabla ya kugusa chakula. Chemsha maji ya kunywa. Mtoto akiharisha, usimnyime maji. Twaa litre moja ya maji safi, tia vijiko sita vidogo vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vijiko visijae kupita ukingo. Mpe kidogo kidogo, huku ukimpeleka kwenye kituo cha afya.

Na jambo hili tuliseme bila haya: mtu akibakwa, afike kwa muganga mbele ya saa 72 kupita, sababu dawa ya kuzuia ukimwi haifai tena baada ya hapo. Hata kama saa hizo zimepita, aende tu, kuna matibabu mengine. Wazee, msimkawishe mkijadili mbuzi wa fidia. Kwa sheria za tarehe 20 Julai 2006, malipo hayafuti kosa hilo.

Inne, tutunze moyo. Kilio si aibu, hata kwa mwanaume. Tafuta mtu mmoja unayemwamini, umwambie yaliyokupata. Shika kazi ndogo yenye saa yake: kufuma, kulima bustani ya lengalenga, kufundisha watoto kusoma. Jihadhari na kanyanga. Inanyamazisha huzuni usiku, asubuhi huzuni inarudi pamoja na deni.

Mtauliza, haya yanahusu amani namna gani? Niliona siku moja kwenye robine ya kampi wamama wawili wakigombania nafasi ya bidoni. Wote hawakulala, wote walikuwa na njaa. Neno la tatu lilikuwa tusi la kabila. Vijana wakakuja na fimbo. Mzee mmoja hakuuliza nani ni wa kabila gani. Aliuliza, «Nani ana mtoto mgonjwa nyumbani?» Mikono ikainuka pande zote mbili. Wakapanga mstari upya, wenye wagonjwa mbele, fimbo zikawekwa chini. Mtu aliyechoka anawashwa na uongo kama majani makavu. Anayemtunza jirani yake anamwondolea mchochezi kuni.

Wakubwa wa kampi, kazi yenu ni hii: wekeni komite ya maji yenye wamama ndani yake, wenyeji na waliohamishwa pamoja. Tembeleeni hema ambalo mtu wake hatoki tena nje. Na wewe ndugu, leo jioni fanya jambo moja tu: bisha kwa jirani, muulize kama amelala.