Usitie Oili Kwenye Breki

Breki ya pikipiki ikipiga kelele, wako watu wanaotia oili ili inyamaze. Kweli itanyamaza. Lakini haitashika tena.

Mimi mwenyewe nilifanya kosa hilo. Nilikuwa nakwenda kutembelea darasa la kisomo, na breki ya nyuma ilipiga mluzi kila nilipokanyaga. Rafiki yangu akanishauri nichuruzishe oili kidogo kwenye ufa wa dramu. Mluzi ukaisha, nami nikafurahi. Nilipofika kwenye mteremko wa kwenda mtoni nikakanyaga breki, pikipiki ikazidi kwenda. Tulisimama ndani ya shamba la mihogo la mzee mmoja. Sikuumia sana, ila mihogo yake nililipa.

Basi tuone breki inafanyaje kazi. Pikipiki nyingi za vijijini zina breki ya dramu kwenye gurudumu la nyuma. Dramu ni kama sufuria ya chuma iliyo katikati ya gurudumu. Ndani yake mna vipande viwili vyenye umbo la nusu mwezi. Mafundi huviita breki shuu. Kila kimoja kimebandikwa tabaka gumu la kusugua. Ukikanyaga breki, vipande hivyo hutanuka na kusugua dramu, na gurudumu husimama. Kinachosimamisha pikipiki ni kule kusuguana. Na kazi ya oili ni nini? Ni kuondoa kusuguana.

Sasa isikilize kelele yenyewe, maana kelele hazifanani.

Ikiwa ni mluzi mwembamba, mara nyingi kuna vumbi au tope kavu ndani, au tabaka limeng'aa kama kioo. Hiyo unaweza kuitengeneza mwenyewe. Simamisha pikipiki kwa stendi ya katikati, mahali tambarare. Ngoja dramu ipoe, kisha fungua gurudumu. Angalia kila kitu kimekaaje kabla hujakitoa. Ukiwa na daftari, chora. (Ndugu mwanakisomo, umeona faida ya penseli?) Futa vumbi kwa kitambaa kibichi. Usilipulize kwa mdomo, kwa sababu breki nyingine zina asbesto, nayo huharibu mapafu. Halafu lowanisha tabaka kidogo, ulisugue kwa msasa mpaka ule mng'ao uondoke. Liache likauke.

Ikiwa ni mkwaruzo mzito, kama chuma kinasaga chuma, usiendelee na safari. Huenda tabaka limekwisha na chuma kitupu kinakwangua dramu. Pima kwa rula. Likiwa limebaki milimita 2, yaani vile vistari vidogo viwili, nunua breki shuu mpya. Badilisha zote mbili pamoja. Dramu ikiwa imechimbika mifereji, ipeleke kwa fundi.

Na breki shuu iliyokunywa oili? Itupe. Wako wanaoichoma kwa petroli ili oili itoke. Juu itaonekana kavu, lakini ndani oili ingalimo, na tabaka lenyewe linaweza kupasuka. Tena petroli na moto si vitu vya kuchezea uani kwenye watoto.

Wakati wa kurudisha gurudumu, kuna ufito mmoja wa chuma ambao watu huusahau. Huo hushikilia kifuniko cha breki kisizunguke. Usipofungwa, siku utakayokanyaga breki kifuniko kitazunguka pamoja na gurudumu. Gurudumu litajifunga ghafla, nawe utaanguka. Kaza nati yake sawasawa. Kama ilikuwa na pini, rudisha ile pini.

Halafu rekebisha breki kwa nati iliyo mwisho wa fimbo ya breki. Kanyagio lishuke kama sentimita 2 au 3 kabla breki haijaanza kushika. Zungusha gurudumu kwa mkono. Likiwa zito, breki imebana mno. Itapata moto njiani na tabaka litaisha upesi. Legeza kidogo, zungusha tena.

Breki shuu mpya hazishiki vizuri siku ya kwanza, mpaka zizoeane na dramu. Kwa hiyo jaribu kwanza uwanjani, polepole, bila abiria wala gunia.