Kihispania kwa Picha za Kahawa (Sehemu ya Tatu)

Wiki iliyopita tulizungumzia matamshi, tukaona kwamba irabu tano za Kihispania hazimsumbui mtu aliyekulia katika Kiswahili. Leo tuingie kwenye picha, na picha zenyewe ziwe za kahawa.

Vitabu vingi vya lugha hii humpokea mwanafunzi kwa picha ya fahali akichomwa mikuki uwanjani, au ya mcheza flamenko mwenye gauni jekundu. Kijana wa Runyenjes au Nkubu hapo hubebeshwa mizigo miwili: hakijui kitu chenyewe, wala hajui jina lake. Mwonyeshe shamba la kahawa la Kolombia, mzigo mmoja umetuliwa. Miti anaijua, mteremko anaujua, na kuchuma amechuma tangu utotoni. Shirika la Kimataifa la Kahawa huziweka Kolombia, Kenya na Tanzania katika kundi moja la arabika laini. Ikweta inapita Meru na inapita Kolombia, na sehemu nyingi za katikati ya nchi hiyo huvuna mara mbili kwa mwaka kama sisi: mavuno makubwa mwishoni mwa mwaka, na madogo, yaitwayo mitaca, katikati yake.

Picha ya kwanza ninayoipendekeza ni ya Juan Valdez: mwanamume mwenye masharubu, kofia pana ya ukindu, na nyumbu aitwaye Conchita. Uliza: ¿Qué ves? Unaona nini? Mwanafunzi wa siku za mwanzo atajibu: Veo a un hombre. Veo una mula. Mwache aendelee hadi kofia, magunia na milima ya nyuma. Usikimbilie sarufi, jicho likishashiba, ulimi hufuata.

Kisha mwambie ukweli. Juan Valdez hajapata kuwako. Alibuniwa na kampuni ya matangazo ya New York mnamo 1958, kwa kazi ya Shirikisho la Wakulima wa Kahawa wa Kolombia lililoanzishwa 1927, na mwigizaji wa kwanza aliyevaa kofia ile hakuwa hata Mkolombia. Hata hivyo wakulima wenyewe walimkubali, na leo maduka ya kahawa ya shirikisho hilo yana jina lake. Kwangu mimi hapa ndipo utamaduni unapofundishwa hasa: mwanafunzi aulizwe ni nani aliyeichora picha, kwa faida ya nani, na kwa nini mnunuzi wa ng'ambo anaitambua sura ya mkulima wa Kolombia ilhali ya mkulima wa Embu haijui.

Picha ya pili ni ya nyumba. Katika milima ya Caldas na Quindío, huko Kolombia, utakuta paa la bati lililowekwa juu ya reli, likisukumwa kando kama droo. Chini yake imetandazwa kahawa. Mvua ikinyesha, paa linarudishwa. Mwanafunzi wa Meru atashangaa, kwani kwetu mkulima mdogo hupeleka kahawa mbivu kwenye kiwanda cha chama cha ushirika, ikamenywe, ioshwe na kuanikwa huko kwenye meza ndefu. Kule familia nyingi humenya, huchachusha na hukausha nyumbani kwao. Swali la nani anaikausha kahawa, na wapi, litazua mabishano ya kweli darasani, na mtu anayebishana hutafuta maneno kwa bidii kuliko anayekariri.

Mbali na picha tuli kuna tamthilia za televisheni, nazo nitazisemea machache. Wakenya wengi wanawakumbuka Paloma na Diego wa Cuando seas mía, iliyotengenezwa Meksiko 2001 kutokana na tamthilia ya Kolombia ya 1994, Café, con aroma de mujer, ya mwandishi Fernando Gaitán. Shujaa wa tamthilia hiyo ya Kolombia, Gaviota, ni mchuma kahawa anayefika na mama yake msimu wa mavuno. Tamthilia za namna hii zilitujia zikiwa zimetiwa sauti za Kiingereza, kwa hiyo tulilia na kucheka pamoja na watu wale bila kusikia Kihispania chao. Tafuta kipande kifupi chenye sauti ya asili. Kionyeshe kwanza kimya, darasa likisie kinachosemwa, ndipo ufungue sauti.

Kihispania hakitahiniwi katika KCSE, kwa hiyo mwalimu wa chama cha lugha hafungwi na silabasi. Nawaomba walimu wa Meru na Embu wautumie uhuru huo. Msimu wa kuchuma ukifika, wapeni wanafunzi simu moja kwa kila kikundi, waende kiwandani kwa ruhusa ya meneja, wapige picha za mizani, matangi na meza za kuanikia, kisha waandike chini ya kila picha sentensi mbili za Kihispania ambazo mchumaji wa Quindío angezisoma akaelewa.