Kistari na Kisanduku Kitupu katika Majedwali ya Ngeli

Madhumuni ya makala haya ni kueleza kwa nini mwandishi wa sarufi hawezi kumwachia mpiga chapa, wala programu ya kupanga chapa, uamuzi juu ya sura ya majedwali yake. Katika taaluma nyingine jedwali huwa muhtasari wa hoja. Katika uchambuzi wa ngeli, mara nyingi ndilo hoja yenyewe.

Tuchukue neno kitabu. Likipangwa katika safu nyembamba, programu huweza kulikata mwisho wa mstari: ki- juu, tabu chini. Kwa upande wa silabi mkato huo hauna kosa. Lakini katika jedwali la viambishi, kistari ndicho alama ya mpaka wa mofimu, na msomaji atadhani mwandishi amekwisha kuamua kwamba ki- ni kiambishi na -tabu ni shina. Hapo ndipo penye mjadala. Neno hili limetoka katika Kiarabu, ambamo k, t na b zote ni konsonanti za mzizi. Kiswahili ndicho kilicholipa wingi wa vitabu. Basi kistari cha chapa kimetoa hukumu ambayo mwandishi hakuitoa. Yafaa safu ipanuliwe, au ukataji wa maneno uzuiwe kabisa ndani ya jedwali.

Kisanduku kitupu nacho kina hila yake. Neno kalamu halina kiambishi, si katika umoja wala katika wingi. Mahali pa kiambishi pakiachwa wazi, msomaji hajui kama hakipo, hakikuchunguzwa, au kimedondoka kiwandani. Iwekwe alama Ø, na maana yake ielezwe chini ya jedwali.

Maneno "jedwali lifuatalo", tuliyoyazoea tangu enzi ya taipureta, nayo ni ya kuepukwa. LaTeX, ambayo Leslie Lamport aliijenga katika miaka ya 1980 juu ya TeX ya Donald Knuth, huweza kulihamishia jedwali kileleni mwa ukurasa, likatangulia sentensi inayolitaja. Litajwe kwa namba. Vilevile programu iagizwe kuandika Jedwali na Mchoro, la sivyo itaziita ngeli zetu kwa Kiingereza.

Kuhusu vichwa vya sehemu hatuna mengi: ngazi mbili zatosha makala. Anwani ya jedwali kwa desturi hukaa juu, ya mchoro chini. Jedwali likivuka ukurasa, vichwa vya safu virudiwe; ngeli ya 15 isiyo na kichwa juu yake haisomeki.